Pombe Pamoja na Chakula

Nimekagua leseni za pombe katika kaunti hii muda wa kutosha kujua kwamba hakuna anayefurahi kuniona nikiingia. Mwenye hoteli akiona pikapu yetu ikiegeshwa nje, uso wake hubadilika kabla sijashuka. Wateja huinamisha vichwa, mhudumu hukimbilia jikoni. Siku hizi hata mimi, nikishika kitasa cha mlango, hujikuta nimeshusha pumzi kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya msiba.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Nilikulia magharibi, kwenye mahindi na miwa, na kazi ndiyo iliyonileta Nyeri. Nakaa mtaa wa Skuta, nyumba ya vyumba viwili. Mume wangu ni polisi na yuko Isiolo, kwa hiyo ndoa yetu ni ya simu na ya wikendi chache. Kikuyu nimejifunza cha kununulia mboga na cha kujua ninaposengenywa. Kwa kazi yangu, hicho cha pili ndicho hunifaa zaidi.

Kuna leseni ya baa na kuna leseni ya hoteli ya chakula. Baa hufunguliwa jioni. Hoteli huruhusiwa kumuuzia pombe mtu anayekula, saa za chakula, basi. Maneno yenyewe hayana ugumu: pombe pamoja na chakula. Lakini watu ni watu. Nimeona hoteli moja mjini iliyokuwa na sahani moja tu ya chipsi, ikihamishwa kutoka meza hadi meza kadiri tulivyosogea, chipsi zenyewe zimekauka kama kuni za kuwashia. Nimeona mwanamume mwenye mvi akiapa kwa mamake kwamba yuko katikati ya chakula cha mchana, na uma ameushika kichwa chini miguu juu. Zamani tulicheka njia nzima tukirudi ofisini. Sikumbuki ni lini niliacha kucheka.

Labda ni kwa sababu katika miji hii ya mlimani pombe imekuwa kidonda. Pita sokoni asubuhi popote upendapo, utawaona vijana wamelala kwenye veranda za maduka, midomo imevimba, umande umewaangukia. Kina mama huandamana mpaka langoni kwetu wakiimba nyimbo za kanisa, na kati ya ubeti na ubeti wanatuita wala rushwa. Kesho yake wenye hoteli wanakuja, nao wanatuita wauaji wa biashara. Wote wana sababu zao. Ukiwasikiliza wote kwa siku moja, jioni hutaki hata kuzungumza na mwanao.

Mama huyu ninayetaka kusimulia habari zake hakuja na maandamano. Alikuja peke yake, asubuhi moja ya baridi ile ya katikati ya mwaka, ukungu umekaa mpaka kwenye madirisha ya ofisi. Alikuwa ametoka Mukurweini baada ya kukama na kupeleka maziwa, na viatu vyake vya mpira vilikuwa bado na tope la boma. Umri wake ni wa kuwa mama yangu. Alisimama mlangoni mpaka nikamwomba mara mbili aketi.

"Ni wewe unafunga mahali pa pombe?" akauliza.

"Ni sisi, mama. Niambie."

"Niko na bwana yangu. Alikuwa mwalimu mkuu, sasa amestaafu. Kila asubuhi anavaa tai, anapiga viatu rangi, ati anaenda kukunywa chai kwa hoteli. Saa saba anarudi akishikilia ua wa boma asianguke." Akakunja kitambaa chake cha kichwa. "Madam, niambie wewe. Ni chai gani hiyo inafanya mtu ashikilie ua?"

Nikamuuliza kama amewahi kuingia kwenye hiyo hoteli aone kwa macho yake.

"Niingie? Watu waseme mke wa Mwalimu anafuata bwana kwa hoteli?" Alitikisa kichwa. "Pensheni imeenda, ng'ombe mbili zimeuzwa. Heshima ndio imebaki. Hiyo siwezi peleka huko."

Nilimwahidi kwamba nitakwenda, na kwamba jina lake halitatajwa. Aliondoka bila kushukuru sana, jambo ambalo lilinipendeza. Wanaoshukuru sana mapema ndio hulaumu sana baadaye.

Nilikwenda wiki hiyohiyo. Mwenzangu wa afya ya umma alibaki kwenye gari kule barabarani pamoja na askari wawili wa kaunti, nami nikatangulia kwa miguu kama mteja. Hoteli ilikuwa ya mabati yaliyopakwa rangi ya samawati, meza zimetandikwa vitambaa vya plastiki vyenye maua, na supu ya miguu inanukia mpaka nje. Ilikuwa safi. Nimeingia jikoni nyingi, na niseme ukweli, ile ilikuwa safi kuliko ya kwangu.

Msichana wa kuhudumia akaja. "Chai?"

"Chai."

"Ya juu ama ya chini?"

"Ya chini ni gani?"

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, akaona viatu, akaona mkoba, akasikia lafudhi. "Chai ni chai tu, madam," akasema, na akaondoka haraka.

Kwenye meza ya dirishani alikaa mzee mmoja wa tai. Sweta, koti, kitambaa cha mfukoni, kila kitu mahali pake. Mbele yake palikuwa na sahani iliyofutwa kwa chapati ikang'aa, na kando yake thamosi na kikombe. Alikishika kikombe kwa mikono miwili kama watu wote wanavyofanya kwenye baridi ya huku. Ila kikombe hakikutoa moshi. Asubuhi ile hata pumzi zetu zilitoa moshi, na vikombe vya meza nyingine vilitoa moshi, chake hakikutoa.

Nikawapigia wenzangu simu, nikatoa kitambulisho changu.

Kila mtu aliganda isipokuwa yeye. Alisimama akajifunga kifungo cha koti. "Karibu, mkaguzi," akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. "Sisi wakati wetu mkaguzi akija, watoto walipanda maua. Leo tumekosa maua. Utusamehe."

Hakuwa ananidhihaki. Hata sasa naamini hivyo. Alikuwa tayari amelewa kidogo, na adabu ndiyo iliyokuwa imebaki imesimama.

Mwenye hoteli akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye aproni, mwanamke mnene, wa rika la yule mama aliyenijia ofisini. Tulipopekua tulikuta kreti za bia halali, zenye stempu ya ushuru, ambazo angeruhusiwa kuuza saa za chakula. Lakini nyuma ya magunia ya unga tulikuta pia vichupa vidogo vya plastiki visivyo na stempu wala jina la aliyevitengeneza. Mwenzangu alifungua kimoja akanusa, akageuza uso.

"Hizi ni za nani?" nikamuuliza mwenye hoteli.

"Za vijana wa bodaboda. Wanasumbua."

"Na Mwalimu?"

"Huyo?" Alikasirika kama nimemtukana. "Huyo sijawahi mpatia hiyo takataka. Yeye ni ile ya stempu. Na simpatii kama hajakula. Anaingia hapa mikono ikitetemeka, namwambia, Mwalimu, kwanza sahani. Akiacha kitu kwa sahani, hapati. Si hiyo ndiyo imeandikwa kwa leseni? Pombe na chakula?"

"Saa tatu asubuhi haimo kwenye leseni, mama. Na kwa nini umeiweka kwenye thamosi?"

Alinyoosha mkono dirishani. Nje, kwenye njia, watoto wa shule waliokuwa wametumwa kuteka maji walikuwa wakipita na mitungi. Mmoja alipunga mkono kuelekea meza ya dirishani, na Mwalimu akampungia.

"Unataka wamuone na chupa?" mwenye hoteli akauliza.

Nilikuwa na majibu mengi siku ile, yote ya sheria, na nikayatumia. Askari wakabeba kreti. Vile vichupa vikaenda kama ushahidi. Baadaye kamati ikakaa, na kwa sababu ya vile vichupa haikuwa na maswali mengi: leseni ya pombe ikafutwa, hoteli ikaachwa iendelee na chakula. Mwenye hoteli hakulia wala hakutukana. Aliuliza tu, "Na Mwalimu sasa ataenda wapi?" Mwenyekiti wa kamati akamwambia hilo si swali la kamati.

Yule mama akarudi ofisini na kiondo cha nduma, yale magimbi ya huku. Nikamweleza kwamba siwezi kupokea kitu kutoka kwa mtu aliyeleta malalamiko. Hakuelewa, na nilipojaribu tena akaelewa vibaya, akadhani nadharau nduma zake. Mwishowe alimwachia mlinzi wa lango, na mlinzi akala nduma za sheria kwa niaba yetu sote.

Baada ya hapo kazi ikasonga. Kulikuwa na malalamiko ya hoteli nyingine, kulikuwa na mikutano, kulikuwa na amri kutoka juu kwamba tufunge kila kitu, kisha amri nyingine kwamba tusifunge ovyo. Mvua za vuli zilipoanza nilikuwa nimeshaisahau Mukurweini. Ndipo siku moja nikaingia ofisini nikamkuta yule mama ameketi kwenye benchi, amelowa mpaka magotini. Safari hii hakusubiri kuambiwa akae.

"Nimekuja kurudisha maneno yangu," akasema.

"Maneno gani, mama?"

"Ile hoteli. Mfungue, auze tena."

Nilidhani sijasikia. Akaendelea, akitazama mikono yake.

"Pale nilikuwa najua ako wapi. Saa saba nilikuwa najua atakuja. Sasa anashuka huko chini kwa mto, kwa mashamba ya kahawa, kuna watu wanapika. Huko hakuna sahani, madam. Hakuna kiti. Anarudi usiku, ama harudi, tunaenda kumtafuta na tochi. Tai alipoteza. Amekuwa mwepesi, nikimuinua ni kama nainua mtoto." Kisha akasema polepole, kama mtu anayelipa kitu kwa uchungu, "Yule mama alikuwa anamlisha. Mimi nilikuwa nadhani ananikulia bwana, na alikuwa anamlisha."

Nikamweleza. Nilimweleza kwamba leseni iliyofutwa hairudishwi kwa mtu kuja kusema tu, kwamba ilifutwa kwa ajili ya vile vichupa vya magendo na si kwa ajili ya mumewe, kwamba hata ikirudishwa hakuna leseni inayoruhusu mtu alewe saa tatu asubuhi. Kila neno lilikuwa sawa. Yeye alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Basi kama huwezi fungua ile," akasema, "funga hiyo ya mtoni."

Hilo niliweza. Tulishuka na polisi na chifu, tukiteleza kwenye udongo mwekundu katikati ya miti ya kahawa, tukafika tukakuta mapipa mawili yamezikwa nusu kwenye ukingo wa mto na moto ungali unafuka. Watu walikuwa wamekimbia. Polisi wakamwaga, harufu ikatushika kooni, nzi wakatua. Chifu, mtu wa makamo aliyekuwa amelifanya jambo hilo mara nyingi, aliketi juu ya jiwe akakwangua tope kwenye viatu vyake kwa kijiti.

"Wiki ijayo watakuwa upande ule," akaniambia, akionyesha ng'ambo ya mto kwa kile kijiti. "Na ule si upande wangu."

Alisema kweli. Na kabla hatujapata mtu wa kushughulikia upande ule, Mwalimu aliamka siku moja akamwambia mkewe awashe taa. Ilikuwa asubuhi, mlango uko wazi, jua limeingia mpaka kitandani.

Habari hizo nilizipata kwa chifu. Alinipigia kuniarifu kwamba wazee watatu waliokunywa upande ule wamelazwa, mmoja hana matumaini, na kwamba Mwalimu, mmoja wao, ameletwa hospitali kuu ya Nyeri. Sikuwa na kazi yoyote rasmi pale. Lakini saa za kuwaona wagonjwa nilitoka ofisini nikanunua maziwa ya pakiti na ndizi, nikaenda.

Niliwakuta wote wawili. Yule mama alikuwa upande mmoja wa kitanda, na upande wa pili alikuwa mwenye hoteli, bila aproni, na kwa dakika moja sikumtambua. Alikuwa na bakuli la maharagwe meusi ya njahi yaliyopondwa laini, na alikuwa akimlisha Mwalimu kwa kijiko. Yule mama alishika kitambaa cha kumpangusa mdomo. Walifanya hivyo kama watu wawili waliozoea kukama ng'ombe mmoja. Nikaona bora nirudi, lakini mwenye hoteli alikuwa ameshaniona.

"Mwalimu," akamwambia, "mkaguzi amekuja."

Niliona mwili wake ukitaka kusimama. Mkono mmoja ukaenda kifuani kutafuta kifungo cha koti, ukakuta shuka.

"Karibu," akasema. "Keti. Wamekupa kiti?"

Nikaketi. Macho yake yalikuwa wazi na mazuri kabisa, yakitazama mahali kando ya bega langu. Nikasema lile ambalo sote husema. "Pole, Mwalimu."

"Wewe ulikuja pale kwa sheria," akasema. "Mimi nimefundisha watoto sheria za shule miaka mingi. Nilichapa waliozivunja. Sina kesi na wewe."

"Hata mimi sikuja kwa kesi."

"Najua." Akameza kijiko kingine. "Watu wanadhani nilienda pale kunywa. Nilikunywa, ndiyo. Lakini mtu akiamka alfajiri maisha yake yote, akavaa, akatoka, kisha siku moja anaambiwa usitoke tena, atafanya nini na hiyo asubuhi? Nilitaka mahali pa kwenda. Pale palikuwa na dirisha. Watoto walipita."

Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa. Mwenye hoteli alikuwa akikwangua bakuli ambalo lilikuwa limekwisha. Niliwatazama wale wanawake wawili nikafikiri kwamba katika mikutano yote niliyokaa, kuhusu saa na umbali na ada na stempu, sijawahi kusikia mtu akitaja asubuhi. Kisha nikafikiri pia juu ya vile vichupa nyuma ya magunia ya unga, na vijana wa bodaboda waliovinywa, ambao nao wana mama zao. Sikupata pa kuyaweka mawazo hayo mawili pamoja. Mpaka leo sijapata.

Kengele ya wageni kutoka ikalia. Kwenye ngazi mwenye hoteli alinishika mkono. "Vile vichupa nilikosa," akasema. "Ile ingine, ya Mwalimu, sikukosa." Hakungoja jibu, akarudi ndani kuchukua kikapu chake.

Mmoja wa wale wazee watatu alizikwa. Mwalimu aliruhusiwa kwenda nyumbani. Jicho moja lilirudisha mwanga kidogo, anaona vivuli na anajua mlango uko wapi, ila kusoma hawezi. Daktari alimwambia pombe nyingine itammaliza. Nusu ya mwaka hivi hakuonja, kisha nikasikia amepotea siku nzima akapatikana kwa jirani, kisha akatulia tena. Huwa hivyo. Watu wanaosimulia ushuhuda kanisani husimulia kama mtu aliyevuka barabara, mara moja tu, kwisha. Ninavyoona mimi, ni kama kuvuka barabara hiyohiyo kila siku.

Mwenye hoteli hakuomba leseni ya pombe tena, ingawa alikuwa na haki ya kuomba muda ukipita. Mimi mwenyewe niliomba kuhamishiwa idara ya masoko. Mkubwa wangu akasoma ombi, akasema nina uzoefu ambao hauwezi kupotezwa, na akaniongezea eneo.

Majuzi tulipita Mukurweini tukienda kwingine, na dereva akataka chai. Tuliegesha mbali kidogo, kwa sababu ya pikapu. Yule mama alikuwa amesimama nje ya hoteli na mtungi wa maziwa, kwa maana siku hizi ndiye anayewauzia maziwa. Tulisalimiana kwa mkono. Nikachungulia ndani. Kwenye meza ya dirishani aliketi kijana mmoja akila mukimo wa viazi na mahindi, simu mkononi.

"Mwalimu je?" nikauliza.

"Leo ako nyumbani. Amelala vizuri." Akahamisha mtungi kutoka mkono huu hadi ule. "Ya kesho sijui, madam."

Dereva aliagiza chai na chapati mbili. Nami nikaagiza chai, na tulipomaliza tukaendelea na safari, maana kulikuwa na hoteli nyingine mbele iliyolalamikiwa, na mvua ilikuwa inakuja.